Dishi la Mjomba Limezima, Mnara Haujafika

Kisiwani Sigulu, Ziwa Victoria upande wa Uganda, wilaya ya Namayingo, nyumba ya mjomba wangu ina mlingoti wa chuma upande unaotazama ziwa. Juu yake kuna dishi jeupe la intaneti, upana wake karibu mita moja, ambalo halijashika kitu tangu kampuni iliyomuuzia ilipoacha kuwahudumia watu wa majumbani. Siku hizi wajukuu wanafunga kamba kwenye mlingoti ule na kuanika nyavu.

Nikiwa Kampala nasikia watu wakisema intaneti ya setilaiti kwa wanakijiji imejifia yenyewe kwa kuwa kila mtu sasa ana simu na bando. Hilo nalikataa. Imekufa ikiwa bado inahitajika, na waliobaki gizani ni wale wale ambao minara iliwakwepa tangu mwanzo.

Nakumbuka siku ya kulifunga. Fundi alikuja kutoka Busia, akavuka kwa mtumbwi wa injini akiwa na dira na spana namba 13. Setilaiti za aina ile hukaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita karibu 36,000, na sisi tuko ikweta hapa hapa, kwa hiyo dishi lilitazama juu sana hata mwembe wa jirani haukuzuia kitu. Kazi ilikuwa kwenye kulilenga. Fundi alilegeza nati, akalisukuma kiasi cha unene wa ukucha, akasikiliza kipimo chake kikilia, akalirudisha tena. Alihangaika hivyo hadi alasiri. Ndani, mke wa mjomba alikaa mbele ya modemu yenye taa nne, na ile ya tatu ilipoacha kupepesa akapiga kelele, "Imekaa!" Majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba.

Kuanzia hapo sebule ile ikawa ya watu wote. Mzazi alikuja kutazama matokeo ya mitihani ya taifa ya UNEB, mwenye mukene, yaani dagaa, akauliza bei ya Busia kabla ya kupakia magunia, mama mmoja akaongea na mwanawe aliyeko Uarabuni. Walikuwa Wasamia, Wajaluo, Waganda, Wasoga, na kilichowaunganisha sebuleni ni Kiswahili cha mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Kuongea kwenyewe kulitaka subira. Sauti ilipaa hadi kwenye setilaiti, ikashuka, na jibu likapita njia hiyo hiyo, kwa hiyo baada ya kila neno ulingoja kidogo. Asiyezoea alimkatiza mwenzake kila mara. Mvua kubwa ya alfajiri ikitoka ziwani, mawimbi yalinyonywa na maji na taa ya tatu ikaanza tena kupepesa.

Kilichoiua huduma ile ni hesabu. Hadi mwaka 2009 Uganda nzima ilitegemea setilaiti kufika kwenye intaneti ya dunia. Julai mwaka huo mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ukafika Mombasa, nyaya zikapanda hadi Kampala, na bei za mjini zikaanza kushuka. Nafasi kwenye setilaiti iliendelea kulipiwa kwa dola. Mjomba alilipa ada ya mwezi iliyozidi karo ya muhula ya mtoto mmoja, na ikifika tarehe kumi kiwango chake kimekwisha, kasi inashuka hadi picha moja inachukua dakika tano. Benki, mashirika na makampuni makubwa waliweza kulipa. Mjomba, mstaafu wa ualimu mwenye sola mbili na betri ya gari hakuweza kwenda nao. Kampuni haikumfukuza. Simu za kuomba fundi zilianza kukosa majibu, kifaa kilipoungua kikakosa kipuri, basi.

Wanaosema "mnara upo" waje wasimame pale mwaloni. Upande wetu wa kisiwa simu inashika mtandao wa Kenya, na usipokuwa mwangalifu salio linaliwa kabla hujasema hujambo. Muuguzi wa zahanati tunayoitegemea hupanda jiwe kubwa nyuma ya soko kutuma ripoti zake, simu kaiinua juu ya kichwa. Nimemwona akifanya hivyo jua la saa saba. Huyu ndiye tunayemkimbilia mjamzito akizidiwa usiku.

Halafu ikaja Starlink, intaneti ya setilaiti ya kampuni ya Marekani, ambayo setilaiti zake huzunguka chini, kilomita kama 550 tu, na ule mngojo wa sebuleni kwa mjomba hausikiki. Rwanda iliipata Februari 2023, Kenya Julai mwaka huo huo. Watu kadhaa wa Uganda wakavusha vifaa vya huko kimya kimya, wakavitumia bila kampuni hiyo kuwa na leseni ya Uganda. Mwanzoni mwa Januari 2026 huduma ikazimwa nchini kufuatia agizo la UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, na tarehe 13, siku mbili kabla ya kura, intaneti ya umma nayo ikafungwa, kama ilivyofanyika Januari 2021.

Sitetei kuvusha vifaa kwa magendo. Nchi ina haki ya kujua nani anarusha mawimbi juu yake. Lakini ukikataza njia ya panya wakati barabara hujaifungua, mtu wa kisiwani umemwacha hana pa kupita. Ninachotaka ni kila leseni ya setilaiti itolewe kwa sharti la kuhudumia visiwa na milima, Sigulu, Kalangala, Buvuma, Karamoja, kwa bei iliyoandikwa kwenye leseni yenyewe. Na tuache kufikiria dishi kama kitu cha nyumba moja. Mjomba alishindwa kwa kuwa alilipa peke yake huku watu zaidi ya arobaini wakitumia, na hakuwahi kumdai mtu. Dishi moja kwenye zahanati, moja kwenye shule, fundi mmoja aliyefunzwa kutoka mwalo ule ule, gharama ikibebwa na mfuko wa mawasiliano ya vijijini. Mfuko huo upo tangu 2003 na unajazwa na tozo za makampuni ya simu. Sisi nasi tunauchangia kila tunapoweka salio, juu ya ile asilimia 12 ya ushuru tunayokatwa kwenye bando tangu Julai 2021.

Barua yangu kwa UCC nimeimaliza juzi. Nimeandika jina la mwalo wetu, idadi ya nyumba, umbali hadi kwenye lile jiwe la muuguzi. Kama unatoka kisiwa kingine au kijiji cha mlimani, andika ya kwako, na usisahau kutaja mahali mnapopanda kutafuta mtandao.