Njaa ya Maji Maji haina siku ya kumbukumbu

Kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika Songea kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni, alinyongwa siku hiyo pamoja na wenzake, na siku chache baadaye akafuata Nduna (yaani kiongozi chini ya Nkosi) Songea Mbano, ambaye mji wenyewe umechukua jina lake. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo mwanamke mmoja, Nduna Mkomanile. Kaburi la pamoja la mashujaa lipo katika makumbusho ya Maji Maji, na sina neno baya kuhusu kumbukumbu hiyo. Heshima ile wanaistahili.

Ninalolalamikia ni pale kumbukumbu yetu inapokoma. Waliotiwa kitanzi Songea hawakufika hata mia. Waliokufa katika Vita vya Maji Maji, vita vya watu wa kusini dhidi ya utawala wa Wajerumani vilivyoanza mwaka 1905, kwa hesabu ya serikali ya Kijerumani yenyewe, ni 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa aliona idadi hiyo ni ndogo mno, akakadiria kati ya 250,000 na 300,000. Ukichukua hesabu yoyote kati ya hizo mbili, wengi mno hawakufa kwa kamba wala kwa risasi. Walikufa kwa njaa, na njaa hiyo ilipangwa.

Shuleni tulifundishwa mambo manne: Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji ya dawa, pepo Hongo aliyempanda, maji ya kugeuza risasi, na kushindwa kwetu. Mtihani ukija unaulizwa sababu za kushindwa, unaandika "silaha duni" na "imani ya maji", unapata alama zako. Lakini Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita havijatimiza hata mwezi. Songea Mbano alinyongwa Machi 1906, kipindi ambacho njaa kubwa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuuma. Kwa hiyo hadithi tunayoisimulia huishia kabla watu wengi hawajaanza kufa. Tumefunga kitabu katikati.

Tuanze na pamba, kwa sababu ndipo mambo yalipoanzia. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Gavana Gustav Adolf von Götzen iliagiza kila eneo la majumbe wa kusini lilime shamba la pamoja la pamba. Watu walitolewa majumbani kwenda kulima shamba hilo siku zilezile ambazo mahindi, mtama na mpunga wao vilihitaji palizi na kulindwa dhidi ya nguruwe na nyani. Malipo yalikuwa ya kudhalilisha, na kodi ya nyumba ilidaiwa papo hapo. Msimamizi alikuwa akida, mtumishi wa serikali ya Kijerumani, mkononi ana kiboko. Hapa sisi wa Kiswahili tuna jambo la kulitazama bila kukwepa: maakida wengi walikuwa watu wa pwani, Waarabu na Waswahili, na amri za shamba la pamba zilitolewa kwa lugha hii ninayoandikia. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa miche ya pamba ya serikali, walikuwa wanang'oa kile kilichokuwa kinawanyang'anya chakula. Njaa ilikuwemo katika vita hivi tangu siku ya kwanza.

Moto ule ulienea kwa kasi ambayo serikali haikuitarajia: Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, na baadaye Wangoni. Watu ambao miaka michache nyuma walikuwa wakivamiana sasa walikuwa upande mmoja. Boma la Liwale lilitekwa. Tarehe 30 Agosti maelfu waliliendea boma la Mahenge, wakapigwa kwa bunduki za rashasha hadi miili ikalala mbele ya boma. Baada ya hapo wapiganaji wengi waliacha kujipanga uwanjani, wakaingia msituni, wakawa wanapiga na kutoweka.

Na hapo ndipo maofisa wa Kijerumani walipobadilisha silaha. Mmoja wao, Kapteni von Wangenheim, aliandika wazi kwamba njaa na ufukara pekee ndivyo vitakavyowafanya watu wasalimu amri kabisa, kwamba mapigano peke yake ni tone tu baharini. Haya hayakuandikwa na mtu aliyepandwa na hasira vitani. Ni ushauri wa kiofisi, na ulifuatwa.

Fikiria majira. Kusini mavuno huwa yamekwisha kufikia Julai, kwa hiyo vita vilipoanza vihenge vilikuwa vimejaa. Askari walichukua walichoweza kula na kubeba, kilichobaki wakakitia moto pamoja na nyumba. Kisha zikaja mvua za mwishoni mwa mwaka, ambazo ndizo za kupanda. Nani apande? Vijana wako msituni au wamekufa. Wanawake wamejificha na watoto wao, na moshi wa shamba lililosafishwa ungewaita askari. Mbegu zenyewe zimeliwa. Msimu mmoja ukipita bila kupandwa, hakuna mavuno ya katikati ya mwaka 1906, na hakuna mbegu za msimu unaofuata. Watu waliishi kwa mizizi na matunda ya porini, na wazee, wanawake wajawazito na watoto wachanga wakatangulia kufa. Vijiji vizima vilimalizika bila mtu kupigwa risasi.

Upande wa serikali walikufa Wazungu 15, askari 73 na wasaidizi wao 316. Tazama vizuri safu hiyo: hata katika jeshi la mkoloni, wengi wa waliokufa ni Waafrika. Waliochoma vihenge vile kwa mikono yao walikuwa kwa sehemu kubwa Waafrika pia, wa kutoka Sudani, Unyamwezi, Usukuma na kwingineko. Simtupii mtu lawama kwa kabila lake. Nasema tu kwamba dola ya Kijerumani ilikuwa na maofisa wachache na mikono mingi ya kukodi, na kila dola ya kukandamiza hujengwa hivyo.

Ardhi nayo ilibadilika. Palipokuwa na mashamba pakaota pori, wanyama wakarudi, mbung'o wakafuata wanyama. Sehemu kubwa ya nchi ile kati ya Rufiji na Liwale, ambayo baadaye ilikuja kuwa Pori la Akiba la Selous, ilipoteza watu wake kwa hatua kadhaa, na vita pamoja na njaa hii ni moja ya hatua hizo. Waingereza walikuja kuhamisha wengine katika miaka ya 1940. Leo mtalii huambiwa kuwa amefika kwenye nyika ambayo binadamu hajawahi kuigusa. Nikisoma maneno hayo kwenye matangazo ya safari hukasirika kweli, kwa sababu watu waliishi pale, walilima pale, na walikufa pale.

Sasa nije kwenye fasihi, maana ndiyo iliyoilea kumbukumbu yetu kuliko vitabu vya historia. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa vita hivi, naye anavitazama kwa jicho la mtu wa mji wa pwani. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatupa tamthilia ya Kinjeketile (ndivyo alivyoliandika jina la Kinjikitile), ambayo kwa maoni yangu haijapata mpinzani katika tamthilia za Kiswahili. Hussein aliona jambo ambalo Wajerumani hawakuliona: neno likishatoka kinywani si mali ya aliyelisema tena. Kinjeketile wake anakataa kukana maji, hata akijua yameua watu, kwa kuwa akikana, kizazi kijacho kitaambiwa kwamba kupigania uhuru kulikuwa uongo tangu mwanzo. Ninaipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Lakini nayo inaishia gerezani, mtu mmoja mbele ya watesi wake, kabla ya njaa. Zaidi ya miaka 50 imepita, na bado nasubiri mwandishi atakayeanzia pale Hussein alipoishia: mama mmoja Ungoni, Desemba 1905, ana kibaba cha mbegu na watoto watatu, anaamua apande au apike.

Wengine wamewakumbuka wafu wao wa namna hii. Waingereza walipopigana na Makaburu kule Afrika Kusini, kuanzia mwaka 1900 walichoma mashamba na kuwafungia wanawake na watoto kambini, ambamo Makaburu zaidi ya 26,000 walikufa kwa magonjwa na lishe mbaya. Mwingereza Emily Hobhouse alikwenda kule, akaona, akaandika ripoti iliyotoka mwaka 1901 na kuitikisa London. Vita vilipokwisha, mnara mkubwa uliozinduliwa Bloemfontein mwaka 1913 uliwekwa kwa ajili ya wanawake na watoto waliokufa. Sitaki kuutukuza mno. Waafrika weusi nao walifungiwa kambi zao na kufa kwa maelfu, hawakukumbukwa pale, na uchungu wa Makaburu baadaye ulitumika kuchochea utawala wa ubaguzi. Hata hivyo walielewa kwamba mtoto aliyekufa kwa kukosa chakula ni mfu wa vita sawa na jenerali. Njaa ya Maji Maji haikumpata Hobhouse wake. Ilibaki vinywani mwa wazee, mpaka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotumwa vijijini mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenda kuwasikiliza.

Je, vita vilibadilisha chochote? Vilibadilisha. Gavana mpya, Albrecht von Rechenberg, aliyeingia mwaka 1906, aliachana na mashamba ya pamoja ya pamba na kuegemea zaidi kilimo cha wenyeji kuliko matakwa ya walowezi. Berlin ikaunda wizara kamili ya makoloni mwaka 1907. Wapo wanaoyahesabu hayo kama ushindi wa wapiganaji. Mimi nayaona ni mabadiliko halali yaliyolipiwa na watu ambao hawakuwepo tena kuyaonja, na siwezi kuyataja kwa furaha.

Badiliko kubwa zaidi lilichelewa nusu karne. Mwalimu Nyerere aliwahi kueleza kwamba TANU ilipoanza kuzunguka nchini, wazee waliuliza: tutashindaje bila bunduki, na mtahakikishaje kwamba ya vita vya Wahehe na ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani hayatarudi? TANU ililazimika kwanza kuwaaminisha watu kwamba ipo njia ya amani. Tunapenda kusema kuwa uhuru wetu wa 1961 haukumwaga damu kwa sababu ya tabia yetu ya upole. Naamini sehemu ya upole huo ni kumbukumbu ya vihenge vilivyoungua. Wazee wale walijua hasa bei ya vita, na walijua nani huilipa.

Hili si jambo la zamani tu. Mwaka 1977 itifaki ya nyongeza ya Mikataba ya Geneva ilikataza kuwatesa raia kwa njaa kama mbinu ya vita, na Mkataba wa Roma wa 1998 ukalihesabu kosa hilo kuwa uhalifu wa kivita. Bado mwaka 2024 njaa ilithibitishwa katika kambi ya Zamzam, Darfur, na mwaka huohuo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Waziri Mkuu wa Israeli, Benjamin Netanyahu, ikitaja kutumia njaa kama silaha huko Gaza. Sisi wenye Liwale na Songea katika historia yetu tungepaswa kuwa wa kwanza kupaza sauti. Sauti yetu ni ndogo kwa sababu hatujaizungumza njaa yetu wenyewe.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akakutana na ukoo wa Songea Mbano, akaomba msamaha. Tangu hapo mazungumzo yamejikita kwenye mafuvu na mabaki ya mashujaa yaliyochukuliwa. Yarudi, hilo halina mjadala. Lakini mezani pawekwe pia maandiko ya vikosi: kikosi gani kilipita wapi, kilichoma vijiji gani, kilichukua nafaka kiasi gani, nani alitoa amri. Maandiko hayo yatafsiriwe kwa Kiswahili kwa gharama ya Ujerumani na nakala zipelekwe Kilwa, Liwale, Mahenge na Songea, watu wakasome majina ya vijiji vyao. Na wizara yetu ya elimu iongeze mwaka 1906 na 1907 kwenye muhtasari wa somo la historia, ambako sasa vita vinaishia kwenye maji.