Ripoti ya ajali ya Sala na lawama iliyokosekana

Ripoti ya mwisho kuhusu ajali ya ndege iliyomuua mshambuliaji wa soka Emiliano Sala ilipotoka Machi 2020, wengi walifoka: mbona haisemi nani alaumiwe? Wachunguzi wa Uingereza walieleza kwamba rubani hakuwa na kibali cha kubeba abiria kwa malipo wala cha kuruka usiku, lakini hawakumlaumu mtu.

Hasira hiyo naielewa. Safari ile ya Nantes, Ufaransa, hadi Cardiff, Wales, Januari 21, 2019, haikupaswa kuanza. Ripoti yenyewe inasema huenda ndege ilimshinda rubani alipokuwa akikwepa hali mbaya ya hewa, gizani, kazi ambayo hakufunzwa. Mabaki nayo yaliachwa chini ya bahari, hivyo mahali ilipovujia gesi ya sumu iliyokutwa kwenye damu ya Sala hapakuthibitishwa. Hilo ni pengo kubwa.

Lakini kuna namba moja inayopitwa haraka mno: 58. Hiyo ndiyo asilimia ya himoglobini ya Sala, protini ya damu inayobeba oksijeni, iliyokuwa imeshikwa na kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Haina rangi wala harufu. Bomba la moshi la injini ya pistoni, kama ile ya ndege hiyo, likipasuka, gesi inaweza kupenya kwenye hewa wanayovuta waliomo. Zaidi ya asilimia 50 kwa kawaida huua hata mtu mwenye afya, na rubani alikuwa akivuta hewa hiyohiyo. Mpe vibali vyote duniani: angeruka vipi akiwa amelewa sumu asiyoinusa? Kengele ya kugundua gesi ingemwamsha mapema. Ndege ile haikuwa nayo.

Lawama ilikuwa na mahali pake. Mwaka 2021 mahakama ya Cardiff ilimfunga mwandaaji wa safari miezi 18. Wachunguzi hufuata Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, kanuni za kimataifa za kuchunguza ajali za ndege; ni mkataba uleule unaozifunga Kenya na Tanzania: kazi yao ni kuzuia ajali nyingine. Fundi akijua maneno yake yatamfikisha kizimbani, nani atamwambia mchunguzi ukweli?

Ripoti ilipendekeza kengele hizo ziwe lazima. Uingereza ilianza kuzidai Januari 2025 kwa ndege nyingi za pistoni zinazobeba abiria wasio marubani. Karibu miaka mitano, kwa kifaa cha bei ndogo! Ningependa hasira ya umma ielekee kwenye ucheleweshaji huo.