Mama wa njiti apewe kitanda

Mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji mimba ikiwa na wiki 31, presha imempanda mpaka anaona maruweruwe. Mtoto alikuwa na kilo 1.4. Siku tulipoenda kumwona baada ya kupigiwa simu kwamba ameruhusiwa, wodini hatukumkuta. Alikuwa kwenye mkeka chini ya ngazi, mshono haujakauka, pamoja na akina mama wenzake, kila mmoja na khanga yake na chupa yake ya uji. Karatasi inasema mama ameruhusiwa. Mtoto hajaruhusiwa. Kitanda hana tena, lakini kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, anatakiwa ndani akakamue maziwa.

"Wenye njiti, maziwa!" Ndivyo wanavyoitwa. Wanainuka wameshikilia matumbo, wananawa, wanakamulia kwenye vikombe vya plastiki vilivyobandikwa plasta yenye jina la mama. Nesi anavuta maziwa kwa bomba la sindano na kuyapitisha kwenye mpira wa puani. Yakiisha, mama anatoka nje kusubiri saa tatu nyingine. Mdogo wangu aliomba: "Sista, naomba nikae naye, hata kwenye kiti." Akajibiwa, wala si kwa ukali: "Mama, ukikaa wewe watataka kukaa wote."

Na wakae wote. Hilo ndilo ninalolidai.

Simlaumu yule nesi. Alikuwa peke yake zamu ya usiku, na watoto wengine walikuwa wamelazwa wawili wawili kwenye inkubeta moja. Ninachogomba nacho ni utaratibu unaomhesabu mama kuwa mgeni wa mtoto wake, kwa sababu tunajua tangu miaka kadhaa sasa kwamba utaratibu huo unaua watoto. Na sehemu ya ushahidi huo ilipatikana hapahapa Dar es Salaam.

Kangaruu wengi mnaifahamu: mtoto anavuliwa nguo, anabaki na nepi, kofia na soksi, anawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kisha wote wawili wanafungwa khanga. Ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey alipoona inkubeta hazitoshi na watoto wanaambukizana. Kwa miaka mingi, hata hivyo, kanuni ilikuwa kwamba njiti atulie kwanza, awekwe kwenye joto la mashine, apewe dripu, na akishakuwa imara ndipo apelekwe kwa mama. Ukiisikia kanuni hiyo inaonekana ni ya busara. Ila njiti wengi hufa katika siku za mwanzo kabisa, kabla ya huko kutulia.

Basi Muhimbili, pamoja na hospitali za Ghana, India, Malawi na Nigeria, zikalijaribu jambo hili kwa zaidi ya watoto 3,000 waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na kilo 1.8. Nusu walifuata kanuni ya zamani. Nusu nyingine waliwekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, na mama akapewa kitanda ndani ya wodi ileile ya watoto mahututi, wakakaa hivyo takribani saa 17 kwa siku. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Katika siku 28 za kwanza, upande wa kanuni ya zamani walikufa karibu watoto 16 katika kila 100. Upande wa kitanda cha mama walikufa 12. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, maana isingekuwa haki kuendelea kuwanyima wale wengine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake: njiti aanze kangaruu mara tu anapozaliwa, asisubiri.

Watoto karibu wanne katika kila mia, bila dawa mpya hata moja! Njiti hana mafuta ya kumhifadhia joto. Akipoa, sukari inashuka, na sukari ikishuka hata kupumua kunamshinda. Kifua cha mama hakikatiki umeme. Maziwa yako hapohapo. Vijidudu anavyokutana navyo kwanza ni vya ngozi ya mama yake, si vile sugu vya wodini. Halafu kuna jambo ambalo mashine hailiwezi: mama aliyemlaza mwanawe kifuani humjua pumzi zake, na zikibadilika anaita. Nesi mmoja mwenye watoto 30 ataliona hilo saa ngapi?

Mtoto wa mdogo wangu yuko hai. Wa mwenzake waliyegawana mkeka hakuwahi kutoka mle ndani. Mama yake alipewa habari alipoitikia wito wa maziwa wa alfajiri, ameshika kikombe. Sijui kama angepona, wala hakuna wa kujua. Najua tu kwamba mama yake alikuwa hatua chache kutoka alipolazwa mtoto, amekaa bure, na maziwa yanamwagika kifuani.

Kwa upande wa akina mama nchi hii imefanya kazi kubwa, na anayebeza hilo hasemi kweli. Takwimu za utafiti wa afya wa 2015/16 zilionyesha vifo 556 katika kila vizazi hai 100,000. Za mwaka 2022 zikaonyesha 104. Namba 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, inamtoa mjamzito kijijini hadi hospitali, hata kwa gari la dereva wa mtaani. Lakini kwenye takwimu hizohizo, tazama vifo vya watoto katika mwezi wao wa kwanza: 25 katika kila 1,000 wakati ule, 24 mwaka 2022. Wanawake wanaojifungulia kituoni wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81 katika miaka hiyo. Tuliwaambia waje, wamekuja. Watoto hawa sasa wako ndani ya kuta zetu.

Nitaambiwa mashine zinahitajika. Ndiyo, zinahitajika: mtoto asiyeweza kupumua anahitaji oksijeni, na kangaruu haimbadilishii mapafu. Nitaambiwa nafasi ni finyu. Ni kweli pia, ingawa nafasi hukosekana zaidi kwa jambo ambalo hakuna aliyelipangia. Hoja ya maambukizi sikubaliani nayo hata kidogo. Mama aliyenawa mikono ana hatari gani kuzidi watoto wawili kulazwa kwenye inkubeta moja?

Kikwazo kikubwa ni mgawanyo wetu wenyewe. Mama ni wa wodi ya wazazi, mtoto ni wa wodi ya watoto, kila mmoja na faili lake, na faili la mama likifungwa ndiyo imetoka hiyo. Mdogo wangu alitoka na kifafa cha mimba kikinyemelea, na pale chini ya ngazi hakuna aliyempima presha. Kwenye utafiti ule mkunga alimfuata mama kwenye kitanda kilekile alicholala na mwanawe.

Mwaka 2025 sheria ya kazi ilibadilishwa ili mama wa njiti aongezewe likizo. Doris Mollel, ambaye naye alizaliwa njiti, alilipigania hilo kwa miaka, na anastahili shukrani. Lakini mdogo wangu anauza vitenge sokoni. Likizo yake ni kufunga meza.

Wodi za watoto wachanga zinaendelea kujengwa wilayani. Wahandisi na waganga wakuu mnaochora ramani zake, choreni kitanda cha mama kando ya kila kitanda cha njiti, chenye mgongo unaoinuka, maana kulala chali na mtoto kifuani usiku kucha hakuwezekani. Wekeni choo na bafu karibu, na mahali pa kula. Wafadhili mnaouliza mlete nini, leteni hivyo vitanda. Na mama akiwa mahututi, baba aitwe avue shati, au bibi au shangazi aingie. Mlinzi wa getini naye aandikiwe hivyo, asije akawarudisha kwa kuwa saa ya kuona wagonjwa imepita.