Nyumba ya bibi isivunjwe

Mwezi uliopita mdogo wangu alinitumia ramani ya nyumba anayotaka tujenge Newala. Vyumba vitatu, kila kimoja na choo chake, ukuta kuzunguka, geti la chuma. Pa kuijenga ni pale pale iliposimama nyumba ya bibi. Nimemjibu kuwa sikubali. Naliandika jambo hili wazi kwa sababu nawajua wenzangu wengi walio nje ambao wana ramani kama hiyo kwenye simu zao.

Nilikulia Mtwara mjini, ila Desemba yetu yote ilikuwa ya Newala. Shule ikifungwa tunapanda basi, Nanyamba, Tandahimba, tunashuka na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nyumba ilikuwa ya bibi mzaa mama. Kwetu Wamakonde ukoo unafuata mama, kwa hiyo watoto wa mama wakubwa na wa mama wadogo sote tulikuwa wenye nyumba, na mjomba ndiye mwenye kauli ya mwisho. Mwaka mmoja tulijihesabu, tukafika 19. Usiku tulilala mzungu wa nne kwenye mikeka, miguu ya mwenzio ubavuni mwako, na baridi ya Newala wala hatukuisikia.

Mchana ulikuwa wa korosho. Kaka mkubwa anazikaanga kwenye bati kuukuu mpaka mafuta ya maganda yanashika moto, moshi unawasha macho, halafu anazimwagia mchanga. Tunakaa duara kuzibangua kwa mawe, vidole vinababuka. Nguo zetu zote zilikuwa na madoa ya mabibo, na doa la bibo halitoki. Jioni sinia moja la ugali wa muhogo na kisamvu, watoto sita au saba kila sinia, na ole wake atakayegusa samaki kabla mkubwa hajagawa. Ukikosea, anakukanya yeyote aliye karibu. Ukilia, anakubembeleza yeyote aliye karibu. Sikumbuki hata siku moja kuulizwa mama yangu yuko wapi.

Ndugu zetu wa Dar es Salaam walikuja kwa tabu. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, walivuka Rufiji kwa kivuko, na mvua ikiwahi basi linalala kwenye tope. Wengine walikuja kwa meli hadi bandari ya Mtwara. Mtu aliyesumbuka hivyo harudi baada ya siku mbili, anakaa mpaka shule zifunguliwe. Siku hizi wanafika kwa siku moja, na keshokutwa wameshaondoka. Daraja nalishukuru sana, lakini hili nalo limetokea.

Huu ni mwaka wangu wa 14 Hamburg. Likizo ya kiangazi ni wiki 6, na mwezi Juni jua linazama karibu saa nne usiku. Mwanga wote huo, na uwanja wa michezo chini ya dirisha letu una watoto wawili. Binti yangu akitaka kucheza na mwenzake, mimi na mzazi mwenzangu tunaandikiana ujumbe wiki nzima kutafuta siku. Siwalaumu majirani zangu, ni watu wema. Na binti yangu ana chumba chake, meza yake na maktaba ya karibu, vitu ambavyo mimi sikuwa navyo na nilivihitaji.

Tena sitaki kusema uongo juu ya nyumba ile. Maji ya mvua yakiisha kwenye kisima cha uani, walioteremka bondeni na ndoo kichwani ni mama zetu na dada zetu wakubwa. Yupo dada mmoja, mtoto wa mama mkubwa, aliyekuwa akiishi pale mwaka mzima. Sisi wa mjini tukicheza kombolela, yeye yuko njiani na maji. Aliishia darasa la saba. Raha yetu ya Desemba alikuwa akiibeba yeye, na hilo limenikaa moyoni hadi leo.

Ndiyo maana nasema fedha ya ukuta iende kwenye matangi makubwa ya maji, choo kizuri na jiko ambalo halitoi machozi. Chumba kikubwa kiezekwe bati jipya, kibaki kikubwa. Geti la nini? Tukilala watatu ndani ya ukuta, watoto wa ndugu zetu watapiga hodi kama wageni kwenye uwanja waliozaliwa, na tutakuwa tumewafungia sisi tulioondoka.

Mdogo wangu bado hajakubali. Mjomba amesema tulizungumze uso kwa uso, kwa hiyo Desemba tunakwenda, mimi na watoto. Dada yule ndiye mwenye funguo sasa. Jana nilimpigia simu kumuuliza tutalala wapi.

"Mikeka ipo," akasema. "Wewe waambie watoto waje na sweta."