Mnatanua Tu, Nani Atakusanya?

Kuna zile video za dakika moja zinazosambaa sana siku hizi. Mzee wa Kiingereza yuko gereji ya nyumbani kwake, ameshika bati la alumini, analitelezesha mbele na nyuma kati ya magurudumu mawili, muziki laini unapiga, na mara madigadi ya Cobra, lile gari la michezo la zamani, hiyo hapo, imetoka inang'aa. Anayeangalia ana swali moja tu: mashine hiyo bei gani? Hakuna anayeuliza kile kipande kirefu kilichokatwa katikati ya video kilikuwa na nini.

Kilikuwa na kukusanya bati, yaani kulisukuma lijibane ndani yake, liwe fupi na nene zaidi. Hakipendezi machoni, kina makelele, ndiyo maana kinakatwa.

Mashine hiyo, gurudumu la Kiingereza, inajua kutanua. Gurudumu la juu ni bapa, la chini lina mviringo, bati likipita katikati linabanwa, linakuwa jembamba, linapanuka. Kusawazisha alama za nyundo nako linaweza, na hapo, nakubali shingo upande, halina mpinzani. Lakini chukua bega la nyuma la Cobra 427 ya mwaka 1965, lile lililovimba juu ya tairi pana. Ukitaka uvimbe wote ule utoke kwa kutanua katikati, bati la milimita 1.6 litaisha unene pale juu huku kingo bado zimekaza kama ngoma. Bodi yenye kina kirefu hupatikana kwa kukusanya kingo kwanza. Kutanua kunakuja kumalizia.

Na bati lenyewe halina haja ya kubahatisha, kwa sababu karatasi inasema yote. Tengeneza kiunzi cha plaiwudi ya milimita 12, mbavu zake zikipishana sentimita 10 hadi 15, kisha laza karatasi ya kaki juu yake. Pale karatasi inapojikunja, bati litakuwa limezidi: kusanya. Pale inapogoma kufika mpaka uichane, bati litapungua: tanua. Weka alama papo hapo kwa kalamu. Mikunjo ikiwa mingi mno upande mmoja, gawa kipande kiwe viwili, mshono uupitishe sehemu iliyotulia. Anayeruka hatua hii ndiye yule unayemkuta baadaye anasukuma bati kwenye gurudumu jioni nzima na haelewi kwa nini halikai.

Aina ya alumini ni suala la sentensi mbili. Nunua alumini laini ya namba 3003 au 1050 yenye ugumu wa H14 (nusu-gumu), unene wa milimita 1.2 hadi 1.6, ile ngumu ya 6061-T6 itakupasukia mkononi, na bati la kuezekea limefanywa gumu makusudi, liache juu ya paa.

Kisha lainisha kwa moto. Alumini haina tabia ya chuma ya kuwa nyekundu kabla ya kuyeyuka. Inakutazama tu na rangi yake ileile, halafu ghafla kuna shimo, maana 3003 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 640 na ushei. Dawa yake ni sabuni ya mche. Paka upande mmoja, pasha moto upande wa pili kwa mwendo usiosimama, na sabuni ikigeuka kahawia inayokaribia nyeusi, ondoa moto hapohapo. Uko karibu na nyuzi 400, inatosha. Liache lipoe lenyewe au limwagie maji, kwa aina hizi ni mamoja. Ukiendelea kupiga litakuwa gumu tena; utalisikia, mlio unakuwa mkali na nyundo inaanza kuruka. Rudia moto. Wanaolazimisha ndio wanaookota nyufa.

Sasa marinda, ndiyo njia ya kukusanya. Uma wa kuyatia si wa kuagiza ng'ambo: nondo mbili laini za milimita 10, zimepunguzwa ncha, zimesuguliwa zisikwaruze, zimechomewa kwenye mpini. Ingiza ukingo wa bati katikati, zungusha upande huu, kisha upande ule, litasimama rinda la kina cha sentimita 4 au 5, kama lile fundi cherehani anatia kiunoni. Bana mdomo wa rinda kwanza ili bati lisipate pa kutorokea. Ndipo ulaze juu ya gogo na kulipiga kwa nyundo ya mbao, kidogo kidogo, mpaka lizame ndani ya lenyewe. Ukiacha mdomo wazi, rinda linafunguka na bati linarudi lilivyokuwa. Umepiga kelele bure na jirani amekuchukia. Ukilipiga likajilalia, hapo ndipo patapasuka. Ukingo uliokusanywa vizuri unakuwa mnene kidogo, unausikia kwa vidole.

Kipande kikigoma, usikipige kwa hasira. Katikati kukidunda "kong" ukikibonyeza, kingo zimekaza: zitanue kidogo. Kingo zikifanya mawimbi, zimezidi: zikusanye, au tanua katikati. Ni hayo mawili tu, na ajabu ni kwamba watu wengi hufanya kinyume chake. Wanaona katikati panadunda, wanaongeza kupitisha gurudumu katikati. Hongera, sasa panadunda zaidi.

Haya, nitasemwa, kwa nini tusipige faiba? Pigeni. Replika nyingi za Cobra ni za faiba, ni nafuu na zinakarabatika. Ila msizipake rangi ya fedha mkaziita alumini. AC Cars wa Thames Ditton, Uingereza, waliounda Cobra yenyewe, walifunika mabomba ya chuma kwa alumini kwa mkono, na Kirkham wa Utah, Marekani, watengenezaji wa replika, walipotaka kuifufua kazi hiyo walikwenda hadi Mielec, Poland, kwenye mafundi wa ndege. Walifuata mikono. Fundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, anayekunja ukingo wa bati juu ya waya tayari anajua namna matao ya magurudumu ya bodi za zamani za Kiingereza yanavyomaliziwa: waya wa milimita 4, ziada ya bati kama milimita 10, ukunje taratibu.

Alumini isiguse chuma kitupu. Weka rangi ya msingi na utepe katikati, la sivyo unyevu ukiingia alumini ndiyo italika.

Kwenye mshono, waya wa kuchomelea wa 4043 unatiririka vizuri lakini unaacha mstari mgumu unaopasuka ukianza kuusawazisha. Tumia 1100, au vipande vyembamba ulivyokata kwenye bati lilelile. Ncha zigusane bila nafasi. Sugua kwa brashi ya waya ya stenlesi isiyowahi kugusa chuma, kwa sababu ile ngozi ya juu ya alumini inahitaji zaidi ya nyuzi 2,000 kuyeyuka. Ukichomea kwa gesi utahitaji fluksi, ile dawa ya kuondoa ngozi hiyo, na fluksi ioshwe siku hiyohiyo kwa maji ya moto na brashi, ndani na nje. Rangi ikitoa malengelenge kandokando ya mshono mwaka unaofuata, msianze kumtukana mpiga rangi.