Programu za polisi kwa vijana: nani anayetakiwa kubadilika?

Mwaka 1914 kamishna wa polisi wa New York, Arthur Woods, aliruhusu baadhi ya mitaa ifungwe kwa saa kadhaa, magari yasipite, watoto wapate pa kuchezea. Vitongoji vilikuwa vimesongamana, viwanja hakuna, na mtoto aliyecheza mpira barabarani aliweza kuishia mikononi mwa polisi. Kutokana na juhudi za wakati huo ilizaliwa jumuiya ya michezo ya polisi, ambayo leo ina vilabu katika miji mingi ya Marekani. Mwaka 1937 polisi wa Sydney, Australia, nao walifungua klabu yao ya vijana.

Kisa hiki husimuliwa kama mwanzo wa polisi kuwafundisha watoto ndondi na mpira. Mimi naona jambo jingine ndani yake. Woods hakuanza kwa kuwarekebisha watoto. Alianza kwa kubadilisha kile ambacho polisi wake walikuwa wakiwafanyia. Programu nyingi zilizofuata zimechukua njia tofauti: askari anabaki alivyokuwa, na kijana ndiye anayeletwa kufinyangwa. Ukitaka kujua programu ipi itasaidia, nadhani swali la kuanzia ni hilo: nani hasa anatakiwa kubadilika?

Wanaozitetea programu hizi wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Vijana wengi hukutana na polisi siku ya kusimamishwa na kupekuliwa tu. Askari naye huwaona vijana siku ya fujo tu. Pande zote mbili zinajifunza kuogopana. Jaribio moja lililofanyika New Haven, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2019, lilionyesha kwamba askari akibisha hodi kwa mazungumzo mafupi, bila kumkamata wala kumhoji mtu, maoni ya wakazi kuhusu polisi yanakuwa mazuri zaidi, na badiliko hilo lilikuwa bado linaonekana siku 21 baadaye. Waliohojiwa walikuwa watu wazima, lakini sioni kwa nini kijana asiguswe vivyo hivyo. Ukaribu una thamani yake. Ila kumpenda askari ni jambo moja, na maisha ya kijana kunyooka ni jambo lingine, na hapo ndipo watetezi wengi huruka hatua.

Programu ya DARE, ya kuwakinga wanafunzi na dawa za kulevya, ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Ilianzishwa Los Angeles mwaka 1983 na mkuu wa polisi Daryl Gates kwa kushirikiana na mamlaka ya shule za mji huo. Askari mwenye sare aliingia darasani kufundisha madhara ya dawa za kulevya na namna ya kukataa ushawishi wa wenzako. Wazazi waliipenda, walimu waliipenda, na wanasiasa waliitengea fedha. Ilipofika kileleni ilikuwa katika karibu robo tatu ya wilaya za shule nchini Marekani. Kisha watafiti wakawafuatilia wanafunzi. Uchambuzi wa mwaka 1994 uliokusanya tafiti kadhaa ulikuta athari ndogo mno katika matumizi ya dawa. Mwaka 1999 utafiti mwingine uliowafuata wanafunzi kwa miaka 10 haukuona tofauti ya maana kati ya waliopitia DARE na wenzao. Mwaka 2001 ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani iliitaja miongoni mwa programu zisizofanya kazi.

Sidhani kwamba askari wale walikosa bidii. Mtoto wa miaka 11 anaitikia kila anachoambiwa na mtu mwenye sare. Majaribu yenyewe yanamfikia akiwa na miaka 15, kwenye sherehe ya usiku, na askari hayupo. Kuna ugumu mwingine ambao hauzungumzwi vya kutosha. Mtoto ambaye kaka yake anavuta bangi chumba cha pili anawezaje kuuliza swali lake la kweli mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kumkamata huyo kaka? Miaka ya 1990 magazeti ya Marekani yaliandika visa vya watoto waliowataja wazazi wao kwa askari wa DARE, na wazazi wakakamatwa. Darasa ambalo siri ya nyumbani inaweza kugeuka jalada la polisi haliwezi kuwa mahali salama pa kuuliza, hata kama mwalimu wake ana moyo wa dhahabu.

Hata hivyo, haki ni kutaja mfano unaonipinga. Programu ya GREAT, iliyoanzishwa Phoenix, Arizona, mwaka 1991, nayo huwapeleka askari darasani, safari hii kuwakinga watoto wasijiunge na magenge. Tathmini ya kwanza haikuona kwamba ilipunguza idadi ya wanaojiunga. Waendeshaji wakalikubali jibu hilo, wakaandika upya masomo na namna ya kuyafundisha. Tathmini ya pili, iliyofanyika katika miji 7, ilikuta kwamba mwaka mmoja baada ya masomo uwezekano wa waliofundishwa kujiunga na genge ulikuwa chini kwa takriban 39% wakilinganishwa na wenzao, na baada ya miaka 4 bado ulikuwa chini kwa takriban 24%. Kwa hiyo siwezi kusema askari hana kazi darasani. Ninachoweza kusema ni kwamba programu hii iliboreka kwa sababu ilikubali kupimwa.

Kuna hatari ambazo hesabu za mahudhurio haziwezi kuzionyesha. Programu ya Explorers, pia ya Marekani, huwapa vijana wanaoutamani upolisi nafasi ya kujifunza kazi hiyo, ikiwa ni pamoja na kupanda gari la doria pamoja na askari. Mwaka 2024 uchunguzi wa shirika la habari la The Marshall Project ulikusanya tuhuma karibu 200 za vijana kunyanyaswa kingono au kutendewa isivyofaa katika programu hizo kwa miongo kadhaa. Hebu fikiria mazingira yenyewe: binti wa miaka 16, usiku, ndani ya gari na mtu mzima mwenye bunduki, ambaye barua yake ya mapendekezo ndiyo itakayomfungulia ajira. Alalamike kwa nani, kwa mwenzake wa kituo hichohicho? Idara isiyoweza kuhakikisha kwamba kijana hakai peke yake na askari, na kwamba malalamiko yanapokelewa na mtu wa nje ya kituo, haijawa tayari kupewa mtoto wa mtu.

Hatari nyingine ni kumbukumbu ambazo polisi huziweka kuhusu watoto. Katika wilaya ya Pasco, Florida, gazeti la Tampa Bay Times lilifichua mwaka 2020 kwamba ofisi ya sherifu ilikuwa na orodha ya wanafunzi 420 waliodhaniwa huenda wakawa wahalifu, iliyotengenezwa kwa kutumia, pamoja na mengine, alama zao na mahudhurio yao shuleni. Wazazi hawakuarifiwa. Nia iliyotajwa ilikuwa kuwasaidia watoto hao.

Ndiyo maana Philadelphia inanivutia kuliko vilabu vyote. Katika mwaka wa shule wa 2013 hadi 2014, shule za mji huo zilishuhudia wanafunzi wapatao 1,600 wakikamatwa. Naibu kamishna wa polisi wa wakati huo, Kevin Bethel, alianzisha utaratibu kwamba mwanafunzi asiye na kosa la nyuma, akikutwa na kosa dogo kama kupigana au kuwa na bangi kidogo, hakamatwi. Askari hupiga simu, na ndani ya siku 3 ofisa wa ustawi wa jamii huitembelea familia. Mwaka wa kwanza idadi ya waliokamatwa ilishuka kwa 54%.

Mtu atasema, na kwa haki, kwamba ukiacha kukamata, idadi ya waliokamatwa lazima ishuke. Je, watoto hao hawakurudia makosa? Swali hilo limepimwa kwa upana zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2010 wa majaribio 29, yaliyohusu vijana zaidi ya 7,000, ulikuta kwamba kumpitisha kijana katika mkondo kamili wa mahakama hakukupunguza makosa ya baadaye, na kwa wastani kulielekea kuyaongeza. Mwingine atasema mwathirika naye ana haki yake. Kweli, na ndiyo sababu utaratibu huu unahusu makosa madogo tu. Pia haufanyi kazi bila maofisa wa ustawi wa jamii wa kutosha. Askari akipiga simu isiyopokelewa, mtoto ameachwa tu.

Vilabu vya michezo sivitaki vifungwe. Mtoto mwenye mahali pa kwenda saa kumi jioni ana nafuu, na askari anayejitolea muda wake anastahili shukrani. Lakini kocha mzuri anaweza kumfundisha kijana ndondi bila kuwa polisi. Uamuzi wa kumpeleka au kutompeleka selo kwa kosa la kwanza unaanzia kwa askari. Idara inayoonyesha picha za mashindano yake ya vijana ioneshe pia imewakamata watoto wangapi mwaka huo, kwa makosa gani, na wangapi kati yao wangeweza kurudishwa nyumbani.