Izime Basi Izimike

Naomba mwenye elimu yake anieleze: kompyuta ukiizima, umeizima, au mmeagana tu kwa heshima?

Nauliza kwa niaba ya kamati nzima ya harusi, maana katibu ni mimi. Jana usiku orodha ya michango ilikuwepo. Leo asubuhi haipo. Haijaharibika, haijabadilika jina. Haipo! Folda tupu inanikodolea macho. Ahadi zote, nani kalipa, nani anaingiza "jioni hii" tangu Machi, vyote vimeyeyuka, na kikao ni saa kumi.

Umeme ulikuwepo, tusiwasingizie watu. Bando lilikata, lakini hilo ndilo kazi yake.

Laptopu ni ya mpwa wangu. Yuko chuo, na kwa akili za chuo kaweka Windows na Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ndani ya mashine moja. Nyumba moja, wake wawili, stoo wanachangia. Stoo ndiyo diski D, ameiweka kwa mtindo wa exFAT ili kila mmoja aweze kuisoma. Mimi naandikia Ubuntu, kwa sababu Windows ukiiwasha saa mbili inakuwa tayari saa tatu, ikishamaliza kujisasisha kwa pesa yangu. Asubuhi nikafungua Windows kwa ajili ya printa tu. Ndipo nikakutana na utupu.

Nikaenda kwa fundi. Mnamjua: kibanda kimoja kinauza LUKU, kinatoa pesa, kinapiga paspoti, kinabadilisha vioo vya simu. Hata hajaigusa mashine akatoa hukumu.

"Mzee, hii virusi."

"Umejuaje?"

"Mafaili yakipotea ni virusi."

Akafungua lile dirisha jeusi, akaandika ile amri yao ya kufichua mafaili yaliyofichwa, ile ya enzi flashi zilipokuwa zinageuza kila kitu kuwa shotikati. Watu wakasogea. Dirisha jeusi lina heshima yake mtaani. Likakimbiza maandishi, likatulia. Hakuna kitu. Akasafisha diski kwa chekidiski, ile programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, akapuliza tundu la chaja, akakunja uso kama amepokea majibu ya maabara.

"Tupige Windows mpya. Elfu ishirini."

"Na orodha yangu?"

"Utaandika upya, mzee."

Niandike upya! Yaani nianze kumpigia mtu mmoja mmoja nimuulize kama alishalipa! Mnajua majibu yatakuwaje. Nchi nzima italipa siku hiyo kwa mdomo.

Kulikuwa na binti amekaa kwenye benchi anasubiri kuprinti CV yake. Akainua kichwa.

"Shikamoo baba. Samahani, humo kuna Linux pia?"

"Marahaba. Imo."

"Na Windows mara ya mwisho ilizimwaje?"

"Kwa kuzimwa, mwanangu. Kuna namna nyingine?"

Kumbe ipo! Tangu Windows 8, mwaka 2012, ukibonyeza kuzima haizimi. Inaandika kumbukumbu za ndani kwenye faili liitwalo hiberfil.sys, pamoja na jinsi ilivyoiacha diski D, halafu inalala. Lengo eti kesho iwahi kuwaka. Ubuntu ikija usiku ikaandika orodha yangu kwenye D, Windows ikiamka haikagui chochote. Inarudi na daftari lake la zamani la yaliyomo diskini, inaliandika juu ya lile jipya, na faili langu linakuwa mkazi asiye na kitambulisho. Diski ingekuwa ya NTFS, mtindo wa Windows yenyewe, Ubuntu mara nyingi ingestuka na kukataa kuandika. ExFAT haina mlinzi huyo.

"Sasa inazimwaje kweli?"

"Unashikilia Shift ndiyo unabonyeza kuzima. Au unabonyeza Restart, ile ya kuwasha upya."

Nisomeeni tena hapo. Ukibonyeza kuzima, haizimi. Ukitaka izime, iambie iwake! Na mtu mzima amekaa ofisini, ana watoto, ana mkopo wa gari, akalipitisha hilo mchana kweupe! Kuna kitiki cha kuondoa huo uhodari wa kuwaka haraka, kimezikwa kwenye mipangilio ya umeme, ndani, ndani kabisa, ambako hata fundi hajafika.

Binti akafichua folda moja iliyojificha, FOUND.000, iliyozaliwa na ile chekidiski. Ndani yake mafaili FILE0000.CHK na ndugu zake, hayana sura wala ukoo. Akayabadilisha mwisho wa jina kuwa .ods, ile ya majedwali kama orodha yangu, moja baada ya jingine. La tatu likafunguka. Kibanda kikapiga makofi, fundi akadai elfu tano ya "kushiriki".

Ila ni orodha ya juma lililopita. Kwa hiyo shemeji aliyelipa juzi, tena mbele ya mashahidi, sasa anadaiwa upya, na ameshanuna. Mjomba yeye hana shida, kwenye toleo lolote anadaiwa. Aliahidi laki mbili akiwa amesimama, mkono kifuani, kina mama wakapiga vigelegele. Hajatoa hata mia. Lakini ndiye amenipigia sasa hivi kuulizia kadi yake, anataka ya watu wawili, na eti kama ukumbi una kiyoyozi, kwa kuwa mke wake hapendi feni.